Georgina, Zuwena, Vailet: nyimbo za siku hizi zimepoteza majina ya watu?

Kaseti ya Baba (mleta mada)

Wakuu, salaam. Sileti ile mada ya kila wikiendi kwamba muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe na wa sasa ni kelele. Ile imeshachosha, hata sisi wenye kaseti imetuchosha.

Juzi nilikuwa natoka Moro kurudi Dar. Dereva ana flashi yake, kachanganya kila kitu. Kutoka Msamvu mpaka Chalinze ilikuwa dansi tupu. Kaanza Marijani Rajab na Georgina, kaja Zuwena, kisha Mwanameka. Sikinde wakaleta Neema na Edita. Vijana Jazz wakaja na Mary Maria, na Les Wanyika wa Nairobi wakamleta Pamela wao. Pale Chalinze wauza korosho wametuzonga madirishani, flashi ikavuka kwenye Bongo Fleva ya miaka ya 2000: Latifa wa MB Dogg, Vailet na Anita wa Matonya. Baada ya Mlandizi zikaingia za sasa. Toka hapo mpaka stendi ya Mbezi sikusikia jina la mtu hata mmoja. Ni "beibe", "wewe", "mtoto", basi.

Ingekuwa sensa, nusu ya kwanza ya safari tungejaza fomu, nusu ya pili tungerudi na karatasi nyeupe.

Hoja yangu: wimbo wenye jina una mtu ndani yake, na mtu akishakuwemo hawezi kukaa tu. Ataondoka, atarudi, ataumwa, atamdanganya mtu. Hapo ndipo kisa kinapozaliwa. Wimbo unaoimbiwa "wewe" una hisia, sikatai, na nyingine tamu kweli, lakini ukiisha huna cha kumsimulia jirani. Je, visa vimekufa? Na kama vimekufa, nani kaviua? Naomba kuwasilisha. Msinianzie na umri, nina miaka 44 tu.

Dogo wa Biti

Shikamoo mzee wa 44.

Kabla ya kulaumu kizazi, ungemuuliza hata konda. Sauti Sol wana Nerea wa 2015 na Suzanna wa 2020. Diamond ana Salome wa 2016 na Rayvanny, na ana Zuwena wake ambao ni kisa mwanzo mwisho. Hao wanne nimewataja nikiwa nakula chipsi. Shida ni flashi ya dereva, si muziki.

Kaseti ya Baba

Marahaba dogo. Sasa tuwatazame wageni wako. Salome ametoka kwa Saida Karoli, mwana wa Bukoba, aliyeimba Maria Salome kwa Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi nzima ikacheza bila kuelewa maneno. Kwa hiyo huyo ni wa kwetu, mmemwazima mkamvalisha nguo mpya. Zuwena naye, jina limeanza kwa Marijani. Umebaki na Nerea na Suzanna. Nerea nakupa kwa mikono miwili, wimbo mzito ule: mwanaume anamwomba binti asiitoe mimba, anamhesabia watu wakubwa ambao mtoto huyo angeweza kuja kuwa. Lakini mkuu, mvua moja haifanyi masika.

Kisauni Asilia

Nyinyi wa bara mwajisahaulisha Kasongo? Super Mazembe, Wakongo waliotia nanga Nairobi, walimwimba miaka ya 1970. Mwishoni mwa 2024 Wakenya wakamfufua, wakampa rais wao jina hilo, na wimbo ukarudi kila matatu, kila harusi, kila simu. Vijana ambao baba zao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka wakawa waujua. Hebu nitajie wimbo wa "beibe" utakaofufuka hivyo baada ya miaka arubaini na kitu. Wataufufua kwa jina gani?

Kaseti ya Baba

Kisauni, chukua kiti cha mbele.

Mwana wa Raskazone

Nimesoma kimya kimya tangu juu, sasa naomba nafasi, na msinikatize.

Kaka mleta mada, orodha yako nimeirudia mara mbili. Georgina, Zuwena, Mwanameka, Neema, Edita, Mary, Pamela, Latifa, Vailet, Anita. Wote wanawake. Ukimtoa Anita, ambamo Lady Jaydee anaimba pamoja na Matonya, wote wameimbwa na wanaume. Huyu kaondoka, yule katesa, yule anaombwa arudi, yule kaharibu. Umewahi kujiuliza Georgina mwenyewe alikuwa na lipi la kusema? Hakupewa maiki. Tumemjua kwa maneno ya mtu aliyemtaka. Mimi nimekua nazipenda nyimbo hizo, Marijani kwangu ni Jabali kweli kama walivyomwita, lakini hicho unachokiita kisa ni upande mmoja wa kesi.

Na Kasongo, kaka wa Kisauni, mwanaume mmoja aliyeitwa arudi nyumbani, tena anaitwa kwa maneno ya mkewe, lakini waliosimama kuimba ni wanaume. Hata pale sisi wanawake tulipozungumza, tuliazimiwa koo.

Sasa nendeni upande wa pili wa ukuta, kwenye taarabu. Mimi ni wa Tanga. Kwetu Bi Shakila aliimba Macho Yanacheka, kwamba uso una furaha na moyo unalia, na humo hamna jina. Hakuna Juma, hakuna Hamisi. Nenda Unguja, nenda Mombasa, kote ni vile vile: utasikia ua, ndege, chungwa, muhogo, paka, hutasikia mtu. Jina halitajwi kwa sababu halina haja ya kutajwa. Aliyekusudiwa yumo ukumbini, amekaa na kiti chake, na anayekwenda kumtuza mwimbaji anapita mbele yake taratibu huku anaitikia ubeti. Wote mnajua. Miaka ya 1990 Khadija Kopa akiwa kundi la TOT na Nasma Hamisi Kidogo akiwa kundi la Muungano walirushiana mipasho mji mzima ukagawanyika, na mpaka leo ukimuuliza shabiki nani alisemwa wapi atakueleza kama anasoma gazeti. Hakuna jina, na kisa kimejaa pomoni.

Kwa hiyo hoja yako kwamba wimbo bila jina hauna mtu ndani, kwa pwani haisimami. Fumbo ni la zamani kuliko gita la Marijani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, aliingia studio Bombay mwaka 1928.

Halafu angalia mzunguko: binti wa Khadija Kopa ndiye Zuchu, huyu wa Bongo Fleva ya sasa. Watu wanasema anaimba mapenzi tu, "wewe" na "mimi". Msikilizeni kwa sikio la taarabu. Yule mtoto kakulia nyumba ya fumbo, anavyokata neno katikati na kuliacha linaning'inia, hilo hakulisoma kwenye simu.

Dogo wa Biti

Dada Raskazone, shikamoo, umeua. Nilikuja kubishana, nimeishia kuchukua daftari.

Mwana wa Raskazone

Marahaba. Usiniamkie sana, nitaonekana mzee.

Mkia wa Mkanda

Naingilia kidogo. Mnasahau mazingira ya kurekodi. Enzi za Radio Tanzania bendi ilikuwa haiingii tu ikarekodi. Mashairi yalipitiwa kwanza na kamati, ikikataa imekataa. Kisha mnaingia bendi nzima, mnapiga kwa pamoja, mpulizaji akikosea mwishoni mnaanza upya. Wimbo unafika dakika saba, nane. Nusu ya kwanza mwimbaji anasimulia, watu wamekumbatiana wanavuta miguu. Mashairi yakiisha gita linachukua, tarumbeta zinajibu, ndipo jasho linaanza. Ukipewa dakika tatu na nusu za kuimba kwa utulivu, utamleta Zuwena na watoto wake na mama mkwe.

Na nadhani majina yalisaidia kupita kwenye kamati pia. Ukisema "Mwanameka umekosea" umeshutumu mtu mmoja asiyekuwepo. Ukisema kitu waziwazi unaweza kukwama, kama Remmy Ongala alivyokwama na Mambo kwa Soksi, ule wa kondomu, redio ikaugomea wakati ugonjwa unaua watu. Tusiipambe sana ile enzi. Hata leo kalamu nyekundu ipo, BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, waliufungia wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond mwaka 2018. Kamati imebadilisha jengo tu.

Dogo wa Biti

Sasa hapo ndipo nilipotaka tufike. Mimi natengeneza biti, siyo mkubwa, nina kompyuta na spika mbili chumbani Mabibo. Niwaambie wimbo unavyozaliwa leo.

Zamani, kwa ninavyosikia kwa wazee, shairi lilitangulia, bendi ikalitafutia nguo. Leo nguo ndiyo inatangulia. Natuma biti kwa WhatsApp. Msanii anaingia kwenye maiki bila neno hata moja, anamumunya melodi: "na-na-nei, oh ye". Tukiipenda ile melodi ndipo tunatafuta maneno yatakayoenea ndani yake. Neno linachaguliwa kwa idadi ya silabi na linavyoteleza mdomoni. "Beibe" silabi mbili, inaingia popote. "Mwanameka" nne, na inakupangia pa kuweka mkazo. Si kwamba watu hawana visa, visa haviingii kwenye chupa.

La pili, hesabu. Spotify haihesabu kwamba wimbo umesikilizwa mpaka zipite sekunde 30. Kwa hiyo nikianza na gita la dakika nzima kama Sikinde nimeshafunga duka. Kiitikio kije mapema, na kipande cha sekunde kumi na tano kifae kuchezewa TikTok. Wimbo mzima dakika mbili na nusu, tatu. Mama mkwe wa Zuwena atakaa wapi?

La tatu, tunauza nje. Komasava ya Diamond ya 2024 imeenda dunia nzima, mpaka Jason Derulo akaingia kwenye rimiksi, na jina lenyewe ni Kifaransa cha "hujambo" kilichopita mdomoni mwa Mswahili. Kisa cha Kiswahili cha dakika nane mtu wa Lagos au Johannesburg atakipeleka wapi? Anachohitaji ni mdundo. Mimi sioni aibu hapo. Ngoma ya kucheza nayo ina kazi yake, hata nyinyi baada ya mashairi mlikuwa mnasubiri gita.

Ila wewe mzee unayelilia visa, umevitafuta mahali pabaya. Visa vimehamia kwa wachanaji. Kuanzia Ferooz na Starehe, ule wa mgonjwa anayesimulia alivyofika kitandani. Professor Jay na Zali la Mentali. Mwana FA na Alikufa kwa Ngoma. Leo msikilize Dizasta Vina, anakupa hadithi yenye watu watatu na mwisho usioutegemea, unabaki umeshika kichwa. Hapigwi kwenye mabasi ndiyo maana hamumjui.

Kisauni Asilia

Kweli hiyo ya mabasi. Kwetu matatu ndizo zaamua wimbo gani uwe mkubwa. Na sasa kuna hii arbantone, wavulana wa Nairobi wanachukua midundo ya Kenya ya miaka ile ya 2000 na dansiholi za zamani, wanakata, wanaimba juu yake. Wazee wasema wizi. Mimi nasema kama hujui kilichokatwa, utacheza. Kama wakijua kilichokatwa, wewe utacheza na kulia. Lakini naungana na mleta mada kwa moja: wanakata mdundo zaidi kuliko maneno. Watu waliokuwamo ndani wameachwa nje.

Kaseti ya Baba

Nimekuwa kimya kwa sababu mmenishughulisha. Dogo, huyo Dizasta nimemsikiliza usiku mzima. Nakiri, visa havijafa. Hilo nalifuta.

Dada wa Raskazone, kwako nimekwama pabaya zaidi. La fumbo nimelikubali. La Georgina kutopewa maiki limeniuma kwa sababu ni kweli, na mimi nimeimba wimbo ule tangu nasoma darasa la tatu bila kuliwaza. Ila sikuachii yote. Fumbo linahitaji ukumbi na watu wanaojuana. Aliyekusudiwa lazima awepo. Leo wimbo unatoka kwa watu milioni wasiojuana, "wewe" anayeimbwa hayupo ukumbini wala hayupo kwenye wimbo. Taarabu ilificha mtu, hizi hazina wa kumficha.

Mwana wa Raskazone

Hapo umesema. Ila usifikiri milioni hawajuani. Wimbo wa kuachana ukitoka, ndani ya saa moja mitandao yote imeshapanga nani kasemwa, saa ngapi waliachana, na gari nani kabaki nalo. Huo ndio ukumbi wa sasa, kaka. Viti tu ndivyo hakuna.

Dogo wa Biti

Na kutuza ni kwa emoji.

Kaseti ya Baba

Haya, la mwisho kutoka kwangu, maana nimeleta mada imenirudia nyumbani.

Jina langu hapa ni kaseti za marehemu baba. Zipo kumi na nne. Kila moja kaandika kwa peni ya bluu nyimbo zilizomo, upande A na upande B, mwandiko wa mwalimu. Katika moja kuna mstari mmoja umekwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi imetoboka. Miaka yote nilidhani ni panya. Jana, kwa sababu ya mjadala huu, nikaiweka kwenye redio ili nijue ni wimbo gani. Ni Les Wanyika. Pamela.

Nikampigia mama Kilosa. Nikamuuliza, mama, ile kaseti nani aliikwangua?

"Mimi."

Kwa nini?

"Muulize baba yako."

Baba tulimzika 2009.

Mwana wa Raskazone

Mpe mama shikamoo yangu.