Mrejesho: raba za kushikia injini ya Datsun 240Z

Ndugu mafundi, niliwauliza ni raba zipi zishike injini ya Toyota 1JZ-GE, ya lita 2.5, ndani ya Datsun 240Z niliyoachiwa na marehemu baba hapa Lubumbashi. Vyuma vitupu niliviacha, kwa kuwa hupeleka mtikisiko wote kwenye bodi, na vikifungwa pamoja na raba laini ya giaboksi, ganda la giaboksi ndilo hubeba mzigo na linaweza kupasuka. Za poliurethani, yaani plastiki ngumu kuliko raba ya kawaida, nilizijaribu: gari likiwa limesimama, kioo cha pembeni kilitetemeka hata sikumtambua aliye nyuma yangu. Sasa nimefunga raba za kawaida, na upande wa kushoto nimeongeza mnyororo mfupi, kwa sababu nikikanyaga mafuta upande huo ndio unaoinuka. Kutoka Katuba hadi Kamalondo, mitaa ya hapa mjini, feni haijagusa rejeta. Nawashukuru sana.