Prosesa ina uwezo, programu inasema haina: huu uongo wa programu za mashine pepe utaisha lini?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Nimeweka Windows 11 upya kwenye kompyuta yangu, nikafungua programu ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza inayowaka ndani ya kompyuta yako) ninayoitegemea kwa kazi, nikabofya kuwasha. Jibu: prosesa hii haina uwezo wa kuendesha mashine pepe. Prosesa ileile! Ubao uleule, RAM ileile, na kabla ya kuweka Windows upya mashine zote zilikuwa zinawaka vizuri. Jina la programu silitaji. Wanaoitumia wameshaitambua, na wapinzani wake wanaumwa ugonjwa huohuo.

Intel walianza kuweka VT-x, yaani uwezo wa kuendesha mashine pepe, kwenye prosesa zao mwaka 2005, AMD wakafuata mwaka 2006 na AMD-V. Kwa hiyo mtu mwenye kompyuta ya juzijuzi akiambiwa prosesa yake haina uwezo huo, karibu kila mara anadanganywa. Na tukija kuuliza, majibu kumi ya kwanza ni "ingia BIOS uwashe", yaani mipangilio ya ubao inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Nimeingia. Kwenye AMD panaitwa SVM Mode, kwenye Intel utakuta Intel Virtualization Technology, na watengenezaji wa bao wanapaficha kila mmoja kwa namna yake, wengine hadi kwenye menyu ya kuongeza kasi ya prosesa. Pamewashwa. Task Manager nayo, upande wa CPU, inaandika kuwa pamewashwa. Msinijibu BIOS tena.

Kilichotokea ni hiki. Windows 11 ikiwekwa upya kwenye kompyuta inayokidhi masharti, huwa inawasha yenyewe kinga inayoitwa Memory integrity. Kinga hiyo inafanya kazi juu ya Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe, hata kama wewe hujawahi kuiweka alama Hyper-V kwenye orodha ya vipengele vya Windows. Hyper-V ikishaamka inakaa chini ya Windows yenyewe, inaishika VT-x, kisha inaificha. Programu yako ikija kuuliza inakuta hakuna kitu, inakimbilia kulaumu prosesa. Ni kama mwenye nyumba akwambie choo hakipo, kumbe kuna mtu kajifungia ndani.

Na kinachonichoma zaidi: programu ingeweza kujua ukweli. Kuna amri ya prosesa inaitwa CPUID. Ukiiita kwa namba 1, kwenye rejista (kihifadhi kidogo ndani ya prosesa) ya ECX biti ya 5 inakwambia kama VT-x inaonekana, na biti ya 31 inakwambia kama kuna haipavaiza (programu inayosimamia mashine pepe) nyingine tayari imekalia mashine. Biti ya 31 ikiwa 1, unaita tena CPUID kwa namba 0x40000000, na aliyekalia anajitaja kwa jina: "Microsoft Hv" kama ni Hyper-V, "KVMKVMKVM" kama ni KVM, haipavaiza ya Linux. Anajitaja mwenyewe, jamani! Na kama kweli ni BIOS iliyofunga, kwenye Intel ipo rejista 0x3A inayosema imefungwa au haijafungwa. Kuisoma hiyo kunahitaji ruhusa ya ndani kabisa ya mfumo, lakini programu hizi zote zinaweka draiva yao (programu ndogo inayofanya kazi ndani ya mfumo) humo ndani tangu siku ya kwanza. Kisingizio hakuna. Sentensi moja tu, "Hyper-V imeshika prosesa, angalia Memory integrity", ingeokoa watu wangapi? Nimewaandikia watu wa msaada wa kiufundi haya yote. Wakaniuliza kama nimejaribu kuingia BIOS.

Wapo wengine ambao hata hitilafu hawaioni. Programu inanyamaza, inapitia juu ya Hyper-V, na mashine inawaka ila inajikokota, dalili pekee ikiwa kijipicha kidogo pembeni ambacho hakuna anayekitazama. Mtu anaona uzito huo anakwenda kununua RAM. Hela imekwenda, uzito uko palepale.

Sasa dawa, maana sikuja kulia tu. Andika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafuta, kisha utafute mstari wa Virtualization-based security. Ukisomeka Running, mhusika umeshampata. Nenda Windows Security, Device security, Core isolation, uzime Memory integrity. Kisha kwenye orodha ya vipengele vya Windows ondoa alama kwenye Hyper-V, Virtual Machine Platform na Windows Hypervisor Platform. Bado? Fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Zima, washa. Ukitaka kurudisha, andika auto badala ya off. Ila mjue mnachokizima: WSL 2 (Linux ndani ya Windows) na Windows Sandbox (chumba cha kujaribia programu) havitawaka tena, na Memory integrity ni kinga ya kweli dhidi ya draiva mbovu. Kama kompyuta ni ya mwajiri, waulize kwanza wanaoisimamia.

Na nyie wa Linux mnaocheka, subirini. Kuanzia kerneli (kiini cha Linux) 6.12, KVM inaikamata VT-x pale tu moduli yake inapopakiwa. Zamani ilisubiri hadi uwashe mashine. Kwa hiyo unaweza kuwa hujagusa KVM maisha yako yote na programu nyingine ikagoma. Jaribu sudo modprobe -r kvm_intel (wa AMD andikeni kvm_amd), au weka kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye mstari wa kuwasha kerneli.

La pili, fupi. Nilihamisha mashine ya zamani ya Windows XP kutoka programu nyingine, hii ikaipachika diski kwenye SATA, njia mpya ya kuunganisha diski. Skrini ya bluu, 0x0000007B. XP haina draiva ya AHCI (ya kuongea na diski za SATA) ndani yake, hilo linajulikana miaka na miaka, na kwenye mipangilio imeandikwa wazi kabisa kwamba mgeni, yaani mfumo ulio ndani ya mashine pepe, ni XP! Nimeirudisha diski kwenye IDE, njia ya zamani, ikawaka mara ya kwanza. Na ukihama kutoka Intel kwenda AMD au kinyume chake, izime mashine kabisa kabla ya kuinakili. Ukiiacha imegandishwa itagoma kuamka, kwa sababu ndani yake imekariri uwezo wa prosesa ya kwanza. Hapo walau programu huwa haidanganyi.

Naomba kila aliyepigwa na ujumbe huu auweke hapa neno kwa neno, pamoja na ule mstari wa msinfo32 na toleo la programu yake, ili tuwapelekee ripoti moja yenye ushahidi. Ambaye amezima vyote nilivyotaja na mstari bado unasema Running, aseme na aina ya ubao wake. Nahisi hapo kinga imefungiwa kwenye UEFI (BIOS ya kisasa), na kuifungua kuna hatua zake, tutaziandika taratibu.