Naomba ushauri: nampeleka mama Kanada kutazama majani yanavyobadilika rangi, tuanzie Montreal au Québec?

Binti wa Tabata
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wenu kwa heshima, maana nimekwama na usingizi umeanza kunikimbia.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa Baiolojia. Miaka yote ya kazi yake amewaeleza watoto wa watu jinsi miti ya nchi za baridi inavyogeuka njano na nyekundu kabla ya kupukutisha majani, na yeye mwenyewe hajawahi kuiona. Nimeamua mwaka huu aione kwa macho yake. Tutafikia Montreal, kwa mwanafunzi wake wa zamani anayeishi huko na familia yake, halafu tutoke nje ya mji tuone milima.

Sasa: tumalize Montreal kwanza ndipo twende Québec, au kinyume chake? Na huko milimani tukodi gari au tupande treni? Mama ana miaka 68, goti la kulia linamsumbua akipanda ngazi. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Keko
Nimekaa siti ya mbele. Wenye Kanada yao waje.

Nauli Kamili
Dada hongera kwa kumkumbuka mama. Nimesoma Montreal, kwa hiyo nakupa ninayoyajua.

Anza na Montreal, mpumzike safari. Kutoka uwanja wa ndege kuna basi namba 747 linaloingia mjini usiku na mchana. Mlima wa katikati ya mji, Mont-Royal, una mita 233 tu na basi namba 11 linapanda mpaka juu, hivyo goti la mama halitateseka. Lakini metro iangalieni vizuri: ni ya mwaka 1966 na si vituo vyote vyenye lifti. Mama asije akashushwa mahali pa ngazi tupu.

Milimani nendeni Mont-Tremblant, kama kilomita 130 kaskazini magharibi ya mji. Kilele chake kina mita 875 na kuna vibanda vya kuning'inia kwenye kamba vinavyokupandisha mpaka juu ukiwa umekaa. Ukiwa pale juu unaona msitu wote chini yako, na miti ya mepo, ile yenye jani la kwenye bendera yao, imewaka nyekundu mpaka macho yanauma. Québec nendeni kwa treni, ni saa tatu na ushee. Mji mkongwe umegawanyika, sehemu ya juu na ya chini, na kuna kitoroli cha reli kinachowapandisha watu. Nusu saa kaskazini ya mji ipo hifadhi ya Jacques-Cartier, bonde la mto lenye kuta za miti pande zote. Hapo ndipo utahitaji gari, na kumbuka wao wanaendesha kulia.

Ila hujasema mnaenda lini. Hilo ni kubwa kuliko hayo yote uliyouliza.

Kiwanja Kwanza
Binti, nisamehe kwa ukweli. Hela ya kupeleka watu wawili Kanada unapata kiwanja Chanika na msingi unanyanyua. Mama ataangalia majani wiki moja, akirudi anakuta bado unalipa kodi. Mzazi anafurahi akiona mtoto wake ana kwake.

Binti wa Tabata
@Kiwanja Kwanza, asante kwa mawazo yako. Hela ni ya kikoba, tulivunja mwezi wa nne, na kiwanja ninacho. Mama ndiye aliyenisimamia mpaka nikakipata. Hili ni lake.
@Nauli Kamili, Mungu akubariki sana. Hivyo vibanda vya kamba, mtu mwenye presha anaruhusiwa?

Mama Chanja
Umenikumbusha mbali. Mimi marehemu mama nilimpeleka Zanzibar kwa boti, alikuwa hajawahi kuvuka bahari. Alianza kutapika Chumbe mpaka bandarini Malindi. Nikajua nimemuua. Tulipofika Forodhani akakaa, akala pweza, akasema kesho turudi tena hapa. Mpaka anaondoka duniani hadithi ilikuwa ni pweza, boti hakuitaja. Mpeleke mama yako, mwanangu. Usisikilize watu wa viwanja.

Mtu wa Miyombo
Tatizo letu hatujui tulivyo navyo. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijashuka, panda treni ya mwendokasi mpaka Morogoro, tafuta gari la Iringa, uangalie misitu ya miyombo kuanzia Mikumi. Nyekundu, shaba, zambarau, milima mizima. Mimi nimekulia Tabora, tulikuwa tunachuma uyoga humo baadaye mvua zikianza. Tena kwetu ni majani mapya yanayochipua mekundu, si ya kufa. Kwa nini ulipie dola kwenda kuangalia majani yanayokufa?

Nauli Kamili
Vibanda havina shida, ila aulize daktari wake kwanza. Dada, nauliza mara ya pili: LINI? Nisipojua tarehe, yote niliyoandika hayana kazi.

Binti wa Tabata
Samahani, nilikuwa jikoni. Tunaondoka tarehe 8 Novemba, tunarudi tarehe 19. Tiketi nimeshalipia.

Najua mtasema nimechelewa, lakini mnielewe. Ofisini zamu za likizo zinapangwa Januari, na Oktoba amepewa mwenzangu. Nauli ya Novemba ilikuwa chini sana ukilinganisha na Oktoba, na wakala alisema zimebaki siti chache. Halafu picha nilizoziona mtandaoni zimeandikwa kabisa Novemba na majani ni mekundu. Ndiyo maana nikauliza wapi tuanze, siyo lini.

Nauli Kamili
Hizo picha za Novemba yawezekana ni za Japani. Kyoto inaiva katikati mpaka mwishoni mwa Novemba. Kanada rangi inaanza kaskazini na juu milimani, inashuka kuelekea kusini na mabondeni. Tremblant ni mwisho wa Septemba mpaka wiki ya kwanza ya Oktoba. Montreal mjini ni kama katikati ya Oktoba. Tarehe 8 Novemba utakuta vijiti. Jua linazama saa kumi na nusu jioni kwa sababu saa zao zinarudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi huo, na nyuzi joto ni tano au chini ya hapo. Pengine theluji.

Ukibahatika utakuta ile misonobari yao inayopukutisha sindano, inageuka rangi ya dhahabu mwishoni kabisa baada ya miti mingine yote. Lakini huwezi kumsafirisha mwalimu kutoka Tabata kwa kubahatisha.

Na viza?

Binti wa Tabata
Viza bado. Tunasubiri barua ya mwaliko. Wakala alisema tiketi inasaidia kuonyesha kwamba tuna nia ya kweli ya kwenda.

Nauli Kamili
Wakanada wenyewe wanashauri usilipie tiketi kabla ya viza. Anayekuambia inasaidia anauza tiketi.

Kiwanja Kwanza
Chanika ipo palepale.

Jicho la Tatu
Wakuu mnapoteza muda wenu. Hii ni chai, tena ya rangi. Mwalimu mstaafu, goti bovu, mwanafunzi wa zamani anayeishi Kanada, kikoba kimevunjwa, tiketi kabla ya viza. Mtu wa Dar ambaye mwembe wa jirani ukipukutisha uani kwake anapeleka kesi serikali ya mtaa, leo analipia ndege kufuata majani? Kesho mtaona wakala anatokea humu na namba ya simu. Uzi wa tangazo huu.

Mzee wa Keko
Nilikuwa naogopa kusema. Hata mimi nimenusa.

Mama Chanja
Jicho la Tatu una roho ngumu. Mtu akimpenda mama yake inakuwa tangazo?

Jicho la Tatu
Mama, simkatazi mtu kumpenda mama yake. Mleta mada athibitishe, ni rahisi tu. Kama huyo mama yupo na amefundisha Baiolojia, amuulize kwa nini jani linageuka jekundu. Si jibu la kunakili, ajibu mwenyewe.

Mtu wa Miyombo
Na amuulize kwa nini miyombo inafanya hivyo jani likiwa bado changa.

Binti wa Tabata
Imeniuma, sitaficha. Sina wakala ninayemtangaza na sitataja jina la mtu humu. Lakini mama yupo sebuleni, nimemsomea swali kama lilivyo, akazima televisheni. Naandika anavyosema:

"Mwambie huyo kijana kwamba njano haiji, njano ilikuwemo. Jani lina karotini tangu likiwa changa, ila klorofili imeifunika kwa kijani chake. Mchana ukifupika mti unaacha kutengeneza klorofili mpya, iliyopo inavunjika, na mti unavuta naitrojeni na fosforasi yake kurudi kwenye matawi na mizizi. Hapo njano inaonekana. Wekundu ni habari nyingine. Anthosianini inatengenezwa wakati huohuo, kwa sukari iliyonasa ndani ya jani, maana kwenye kikonyo unajengwa ukuta wa seli unaofunga njia kidogo kidogo. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha, wekundu unakuwa mkali. Upepo mkubwa wa mvua ukipita, kwisha. Kwa nini mti uhangaike kupaka rangi jani unalolitupa, wataalamu bado wanabishana. Wengi wanaona inalikinga na jua wakati virutubisho vinarudishwa ndani. Na huyo wa miyombo mwambie ni anthosianini hiyohiyo, inalikinga jani changa mpaka likomae. Ameuliza vizuri."

Halafu akaniuliza, kwani tunaenda lini? Nilikuwa sijamwambia tarehe, nilitaka tiketi iwe zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Nikamwambia. Akasema: "Novemba, latitudo ya 45? Huo ukuta wa kikonyo utakuwa umeshafunga zamani. Nani kakupangia?"

Jicho la Tatu
Shikamoo mwalimu. Naondoa neno langu, chai naimwaga.

Mzee wa Keko
Mwalimu aje afungue uzi wake mwenyewe. Mimi nilipata F ya Baiolojia, leo ndiyo nimeelewa.

Binti wa Tabata
Marahaba, anasema. Lakini wakuu bado nina mzigo. Mama anataka nimuombe mwenzangu tubadilishane zamu, anasema yuko tayari kumpigia yeye mwenyewe. Mimi naona aibu, yule dada ameomba Oktoba kwa sababu ya harusi ya mdogo wake. Na nikibadili tarehe natakiwa kuongeza tofauti ya nauli. Sidhani kama kwenda Novemba ni vibaya kiasi hicho, mji upo, mwenyeji yupo, tutapiga stori.

Mama Chanja
Harusi ni siku moja, mwanangu. Muulize ni tarehe ngapi.

Nauli Kamili
Dada, yeye mwenyewe kashakujibu kuhusu Novemba. Soma masharti ya tiketi uliyolipia, uone ada ya kubadili ni kiasi gani na mwisho wa kubadili ni lini. Kama mnapata wiki ya mwisho ya Septemba, anzeni Tremblant moja kwa moja, Montreal ifuate. Ikiwa ni Oktoba, epukeni zile siku tatu zinazoishia Jumatatu ya pili ya mwezi. Ni sikukuu yao ya shukrani na hoteli za milimani zinajaa. Lakini viza itangulie. Usiongeze hata shilingi kwenye tiketi kabla haijatoka.

Binti wa Tabata
Mrejesho. Harusi ni tarehe 24 Oktoba, mwenzangu amekubali nichukue siku za mwanzo wa mwezi. Bosi hajasaini. Barua ya mwaliko imeingia leo mchana. Fomu ya viza naweza kutuombea wote wawili kwa pamoja?

Nauli Kamili
Mnaweza kuwasilisha pamoja, ila kila mtu na fomu yake. Ada ni dola 100 za Kanada kwa mtu, na 85 za alama za vidole, ambazo mnatoa hapahapa Dar na zinadumu miaka 10. Kwako ambatanisha barua ya likizo ikishasainiwa na taarifa ya benki. Kwa mama weka karatasi za pensheni yake na hati ya nyumba kama ipo kwa jina lake. Kwenye sababu ya safari andika ukweli wote, majani na ualimu wake, msiseme matembezi tu.