Kivuli cha baraza na jua la barabarani: kupiga picha mji wa zamani wa Iringa

Msafiri wa Uyole

Wanajamvi, habari zenu. Mwishoni mwa Juni nitapitia Iringa nikielekea Dodoma, na ningependa kutumia siku moja kupiga picha za maisha ya mitaani katika sehemu ya zamani ya mji, kuanzia Soko Kuu na wauza vikapu vya milulu hadi Boma la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho. Kinachonitatiza ni mabaraza. Mtu akiketi kivulini huku barabara nyuma yake ikiwaka jua, ama uso wake hutoka mweusi tii, ama barabara hutoka nyeupe pe. Je, nijifunge kwa jua la asubuhi na jioni peke yake, au mchana nao una faida yake?

Fundi Picha wa Kihesa

Kamwene, ndugu Msafiri. Ukisubiri jioni tu utapata muda mfupi mno, kwa sababu Iringa iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta na jua letu huzama karibu wima. Tangu likaribie upeo wa macho na kuanza kutoa mwanga wa dhahabu hadi lipotee ni kama nusu saa, na vilima huipunguza hata hiyo.

Mchana wa Juni una faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Jua la mwezi huo halifiki utosini: hupita upande wa kaskazini, na hata likiwa juu kabisa, yapata saa 6:40 mchana, huwa kwenye nyuzi 59 hivi. Kwa hiyo katika mtaa unaotoka mashariki kwenda magharibi, baraza linalotazama kaskazini huingiwa na jua. Ikiwa ukingo wa paa uko mita 2.5 kutoka sakafuni, mwanga hupenya ndani kama mita 1.5, ukiacha mstari mkali sakafuni na vivuli vya nguzo. Baraza la ng'ambo, linalotazama kusini, hubaki kivulini, lakini kivuli hicho si giza, maana ukuta wa mbele yake unaopigwa na jua humrudishia mwanga laini aliyeketi hapo. Mimi humtafuta fundi cherehani au muuza vitenge aliye upande huo, hasa ukuta wa ng'ambo ukiwa umepakwa chokaa au rangi ya maziwa. Ukuta wa kijani nao hurudisha ukijani usoni, na hilo ni gumu kulisafisha baadaye. Simama barabarani ukiupa mgongo ule ukuta wenye jua, mlango wenye giza uwe nyuma yake, na ile barabara inayowaka haitaingia kabisa kwenye picha.

Bibi Kamera

Nakubaliana na Fundi kuhusu ukuta, ila mimi sioni haja ya kuikimbia barabara yenye jua. Tofauti kati ya jua kali na kivuli cha kawaida ni kama hatua tatu, yaani mara nane, na ndani zaidi ya baraza huongezeka, hivyo ni lazima uchague upande mmoja. Pima mwanga kwenye sehemu yenye jua, acha kivuli kiwe cheusi, kisha subiri mpita njia aingie kwenye mstari wa mwanga: mama mwenye beseni kichwani, au kijana wa bodaboda anayegeuza pikipiki. Waliozoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar husubiri jua lidondoke kati ya nyumba ndefu. Kwetu mitaa ni mipana na nyumba ni fupi, kwa hiyo ukingo wa baraza ndio unaofanya kazi hiyo. Na aliyeketi umwombe ruhusa kwanza, tafadhali, kwa kuwa wafanyabiashara wa sokoni wamechoshwa na wanaopiga na kuondoka.

Msafiri wa Uyole

Nawashukuru sana. Na kwa simu je?

Fundi Picha wa Kihesa

Hata simu inatosha. Gusa uso wa mtu kwenye kioo na ushikilie hadi kipimo kijifunge, kisha shusha mwanga kidogo. Usiiachie simu ijipimie yenyewe, kwani ikiona ukuta mweupe mwingi hupunguza mwanga wa picha nzima, na ngozi yetu nyeusi ndiyo inayopoteza sura kwanza. Zima pia ule mfumo unaochanganya picha kadhaa ikiwa mtu anatembea.

Bibi Kamera

Mimi ningeuacha kwa waliokaa. Kwa wapita njia, uzime kama alivyosema.