Uliacha unga (heroini) au pombe halafu ukarudia: nini hasa kilikurudisha? Wa Arusha na Moshi tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Wakuu habari za jioni. Naomba hili tuliongee bila kejeli maana najua watu wa humu. Mdogo wangu alikaa soba hausi, zile nyumba za kuachia ulevi, miezi kadhaa, akarudi home kanenepa, anaamka mapema, anafua hadi nguo za watoto, mtaa mzima unampongeza. Haikupita muda kadondoka tena. Sasa swali langu sio arosto, ile tunaijua, ukikata heroini siku za mwanzo mifupa inauma, jasho, kuhara, usingizi hakuna, ila baada ya wiki hivi makali yanaisha. Yeye arosto ilishaisha zamani. Sasa kilichomrudisha ni nini? Aliyepitia au mwenye ndugu atiririke.

Chalii wa Ngarenaro

Umegusa penyewe mkuu. Mi nimekula unga, nilianza na kokteli, bangi unachanganya na unga, baadaye sindano, saivi nina muda sijagusa. Watu wanadhani unarudia kwa sababu ya shida, mi nilikuwa narudia nikipata HELA. Kazi yangu kupiga debe stendi, pale jioni unalipwa mkononi, nikishika elfu kumi tu tumbo linaanza kunguruma, mate yanajaa mdomoni, hadi choo inanibana, na hapo sijaona kete ya unga wala teja yeyote. Kichwa kilishazoea jioni na hela maana yake kijiweni, kinaanza safari kabla miguu haijatoka. Nikiona mtu anachezea ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, hivyohivyo. Kwa hiyo saivi hela yangu inarushwa moja kwa moja kwenye simu ya sista, mi nabaki na ya chai na chapati. Stendi wananicheka eti mwanaume mzima naomba nauli kwa dada. Wacheke.

Dada wa Pasua

Kwetu ni pombe, na watu wanaichukulia poa kwa sababu sio unga. Mume wangu anaweza kukaa vizuri Februari hadi Novemba, shida Desemba. Wachaga wote wanarudi nyumbani, kila mji umechinja, mbege imepikwa, na kata, kile kibuyu cha kunywea, ikizunguka ikikufikia ukaipisha basi umewadharau. Kaka zake wanamwambia kabisa "wewe siku hizi umekuwa mzungu?" Mtu ametoka Dar na gari la kukodi, yeye ndo kwanza anajitafuta, halafu hata kata akatae, ataonekana nani pale? Anakunywa ili akae na wenzake. Mwaka jana tulipanda Rombo asubuhi tukashuka jioni ileile, hatukulala, mama mkwe alinuna mpaka Pasaka. Nilimwambia mama nisamehe ila huyu ni mume wangu, wewe hutamuuguza.

Asiyependa Stori Ndefu

Ni maamuzi tu. Mi niliacha sigara siku moja, sijarudia. Mnawadekeza.

Natembea Maskani

Kaka hongera kwa sigara, ila wewe umeacha sigara ukabaki na kazi, mke na jina lako. Hawa wengi wanaacha unga wanabaki na nini?

Mi nazunguka vijiweni na watoa huduma, ngoja niseme ninachokiona. Methadoni, dawa wanayopewa badala ya heroini, hapa nchini ilianza Muhimbili 2011, ikasambaa mikoani, na inasaidia sana, mtu anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, arosto haimsumbui. Ila saa tatu asubuhi ameshakunywa. Kuanzia hapo mpaka usiku anafanya nini? Anakaa nje na wenzake walewale, na wauza kete wanajua kabisa wateja wao wanakaa wapi. Dawa imeshughulika na mwili, mchana mzima hauna mwenyewe.

Wamarekani walishaliona hili kwa askari wao waliokuwa Vietnam. Wengi walinasa kwenye heroini kule, serikali ikapata kiwewe, mtafiti Lee Robins akawafuatilia waliporudi kwao, akakuta mwaka wa kwanza kama asilimia 5 tu ndio walirudi kwenye uraibu. Walirudi kwenye mji mwingine, kazi nyingine, watu wengine. Sisi tunamtoa mtu soba tunamrudisha chumba kilekile mtaa wa Unga Limited na dirisha linaangalia kijiwe.

Na hili ndugu mlishike: aliyekaa muda bila unga mwili umesahau kiwango. Akirudia kipimo chake cha zamani kinaweza kumzimisha pumzi palepale. Wengi wanaofia chooni ni hao waliotoka tu jela au soba.

Bi Mkubwa Sakina

Mnawasemea sana wao, na sisi wa nyumbani? Kaka yangu alishauza tv, pasi, viatu vya shule vya mwanangu. Aliporudi safari hii, usiku mtungi wa gesi tunaulaza chumbani kwa mama. Anatuona tunaubeba, hasemi kitu. Dukani hatumwi, anatumwa mtoto wa darasa la tatu, yeye kakaa sebuleni na miguu yake. Siku moja akaniambia "dada, kijiweni wananiachia hadi simu zao niwashikie." Iliniuma ile kauli. Na mtungi bado unalala kwa mama, sidanganyi mtu.

Chalii wa Ngarenaro

Bi Mkubwa shikamoo. Usiutoe mtungi, ila mtume hata chumvi, ya mia tano. Akirudi na chenji usimpigie makofi, pokea tu kama kawaida. Makofi nayo yanachosha, unajiona mgonjwa kila saa.

Na kingine, mi nilivyowahi kuteleza mara moja, kete moja, kilichonimaliza ni aibu. Nilisema basi nimeshaharibu, hakuna haja ya kurudi home, nikapotea kabisa. Ningekuwa na mtu wa kumwambia usiku uleule ingeishia hapo.

Mwanzisha uzi

Asanteni, nimesoma zote. Nina shemeji ana gereji Boma Ng'ombe, amekubali kumchukua dogo afundishwe kuchomelea, atalala hukohuko. Nimemwambia asimlipe kwa siku. Wasiwasi wangu, Boma si kuna vijiwe pia?

Chalii wa Ngarenaro

Vipo, vitakosaje, ni njia ya magari ile. Ila hakuna anayemjua jina, na wauzaji hawamkopeshi mgeni. Hiyo inakupa miezi kadhaa.