Naomba ushauri: nichukue fremu ya duka Mbuyuni au nianze kwa kutembeza?

Wakuu, habari za majukumu. Niko Moshi, nina akiba ya milioni nne na ushee, nataka kuuza unga wa lishe.

Nimepata fremu karibu na soko la Mbuyuni. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na anayehama anadai kilemba, yaani hela ya kuniachia nafasi. Nikilipa vyote, nikaweka rafu na leseni, hela ya mzigo inabaki kiduchu. Shemeji yangu mwenye duka Kilombero, Arusha, anasisitiza fremu: mteja asipokuona anakusahau.

Mimi nafikiria nisage kilo hamsini mashine ya mtaani, nifungashe, niwauzie akina mama wa kikoba na majirani, halafu nihesabu wanaorudi kununua. Wa mara ya kwanza siwahesabu, wengi watanionea haya tu. Ikigoma, nitakuwa nimepoteza kiasi ninachoweza kukivumilia.

Sasa mlioanza hivi, mlijua kwa kigezo gani kwamba ni wakati wa kuchukua fremu? Mlijiwekea kiwango cha hasara kabla ya kuanza, au mlijitosa tu? Na Desemba mji unafurika watu waliorudi Krismasi. Mauzo ya mwezi ule niyaamini au yatanidanganya?

Aliyepitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) kupata barua ya kwenda TBS (shirika la viwango) pia anielekeze, maana unga bila alama ya ubora madukani hawaupokei.

(Wa "acha uoga, ingia" naomba mtaje na mtaji mlioanza nao.)