Spidiwei: saa ya dakika 2 inambana mwendeshaji. Na trekta je?

Mtoa mada

Wakuu, hebu tulijadili hili waziwazi, maana kila msimu tunanung'unika pembeni halafu linapita.

Kwa wageni wa mchezo huu: waendeshaji 4, mizunguko 4, njia ya udongo yenye umbo la yai, pikipiki za cc 500 zenye gia moja, zinakunywa methanoli na hazina breki. Mbio moja, yaani raundi, huisha kwa dakika moja hivi. Wa kwanza anachukua pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anarudi mikono mitupu. Mechi ya ligi kwa kawaida ni raundi 15. Usiku wa Grand Prix, yaani mashindano ya ubingwa wa dunia, ni raundi 23.

Pigeni hesabu. Raundi 15 ni kama dakika 15 za mbio, ndani ya mechi inayokula saa mbili. Silalamikii hilo peke yake. Udongo lazima usawazishwe na umwagiwe maji, pikipiki lazima ziguswe na mafundi. Kinachonikera kinatokea pale kwenye utepe, ile kamba ya lango la kuanzia inayoruka juu mbio zikianza.

Mwendeshaji anafika langoni, anakwangua udongo kwa kisigino akitafutia tairi la nyuma mahali patakaposhika. Wa pembeni yake naye anakwangua. Ofisa wa mstari anawapanga, huyu sogea mbele kidogo, wewe rudi. Taa ya kijani inawaka. Injini nne zinapanda mlio hadi unausikia kifuani. Utepe unaruka juu! Kabla hawajafika kona ya kwanza, taa nyekundu. Mmoja alitikisika kabla ya wakati. Wote warudi.

Aliyetikisika anapewa onyo, sawa. Lakini angalieni nani kaumia. Ni yule wa nafasi ya nne aliyetulia kama maji ya mtungini, akaachia klachi kwa wakati wake, akawa mbele kwa nusu ya pikipiki. Hakufanya kosa lolote, na mwanzo wake mzuri umefutwa. Wakirudia, pengine atatoka wa tatu. Na sote tunajua kwamba kwenye viwanja vingi anayetoka mbele kwenye kona ya kwanza ndiye anayemaliza mbele. Ukigusa sheria ya mwanzo umegusa matokeo ya raundi nzima.

Halafu kuna ile saa. Mwamuzi akishawasha dakika 2, mwendeshaji ambaye hajafika langoni tayari kwa mbio anaondolewa. Mnyororo umekatika? Pole. Ila trekta la kusawazisha udongo likizunguka mara ya tatu kwenye kona ileile, hakuna saa. Mwamuzi akirudia picha za marudio mara sita, hakuna saa. Mkuki kwa nguruwe.

Ninachotaka kiko wazi: aliyegusa utepe arudishwe nyuma badala ya kufukuzwa, mbio zisisimamishwe kwa kila mtikisiko wa bega, na shughuli za uwanja nazo ziwekewe saa inayoonekana. Nawasilisha.

Gia Moja

Mkuu, umeanza vizuri ukaharibu kwenye hitimisho.

Wewe unaona mtikisiko wa bega. Mimi naona watu wanne wasio na breki wanaoelekea kona moja, kila mmoja anautaka ukingo wa ndani. Mmoja akiiba hata sehemu ndogo ya sekunde, watatu waliobaki wanafanya nini? Wanalazimisha. Wanaingia konani wakiwa wamefungana viwiko. Sheria ya mwanzo si ya haki peke yake, ni ya mifupa ya watu.

Angalia riadha. Tangu 2010 kwenye mbio fupi ukichomoka kabla ya mlio mara moja tu, umetoka. Fainali ya mita 100 pale Daegu mwaka 2011, Usain Bolt mwenyewe alichomoka mapema akaonyeshwa mlango. Dunia nzima ilikuja kumtazama yeye. Yohan Blake akachukua dhahabu, na mchezo haukufa. Kwa nini spidiwei ibembelezwe?

Mtoa mada

Gia Moja, mfano wako unanisaidia mimi. Pale Daegu waliobaki walikimbia wakamaliza, na hakuna aliyelipia kosa la Bolt isipokuwa Bolt. Kwenye spidiwei onyo la kwanza halimgharimu kitu mkosaji. Anarudi palepale, nafasi ileile, ila sasa amewatoa wenzake kwenye utulivu wao. Kuna watu wanalitumia onyo hilo kama karata, na wewe umeshawaona.

Kuhusu mifupa sibishi. Wakianguka kona ya kwanza na mwamuzi asione mkosaji mmoja, warudi wote wanne, hilo ni la busara kabisa.

Vumbi la Kona

Naomba niingie kwenye la kugusa utepe, maana hapo ndipo pesa ya mtazamaji inapopotea.

Kwenye Grand Prix raundi 20 za mwanzo zimepangwa ili kila mmoja wa waendeshaji 16 akimbie mara 5. Basi. Umemfuata mtu wako, umevaa skafu yake, umepaza sauti tangu saa ya mazoezi. Anagusa utepe, anaondolewa. Moja ya tano ya usiku wako imeondoka na yeye hajazunguka hata hatua mia. Raundi inarudiwa na watatu, na raundi ya watatu mara nyingi inapoa baada ya mzunguko wa pili, kila mtu kwenye nafasi yake kama treni.

Ligi za Uingereza wana njia nyingine. Aliyevunja utepe anaweza kurudishwa mita 15 nyuma ya mstari, au timu ikaingiza mwendeshaji wa akiba badala yake. Mimi nachagua zile mita 15 wakati wowote. Jamaa anaanza peke yake huko nyuma, uwanja mzima unasimama kuona kama atampata hata mmoja. Mara nyingi hampati. Akimpata, hiyo ndiyo raundi utakayoisimulia mwezi mzima. Adhabu ipo, na mtazamaji hajanyang'anywa chochote.

Gia Moja

Na wa timu pinzani aliyefanya kila kitu sawasawa, akapitwa mzunguko wa nne na mtu aliyevunja utepe? Nenda kamweleze kwamba ni burudani.

Vumbi la Kona

Kama umepewa mita 15 za bure na bado umepitwa, ndugu yangu, shida yako haiko kwenye kitabu cha sheria.

Mzee wa Jukwaani

Wanangu nawasoma. Nataka kuwauliza, mnakimbilia wapi?

Mimi huenda na kijitabu cha mechi na kalamu. Kila raundi ikiisha naandika nani wa kwanza, nani wa pili, muda wa mshindi, najumlisha pointi za timu. Kila raundi ya ligi inagawa pointi 6, usiku mzima 90, hesabu yangu ikikataa najua nimekosea mahali narudi kutafuta. Jirani yangu naye ana chake, tunalinganisha. Huo muda wa trekta mnaoutukana ndio muda wetu wa kubishana. Ondoeni vipumziko vyote mtabaki na dakika 15 za kelele na harufu ya moshi, mnarudi nyumbani hamjaongea na mtu.

Kabla ya lango la utepe, ambalo lilikuja miaka ya 1930, wenzetu wa zamani walianza kwa kwenda pamoja wakiwa tayari kwenye mwendo. Fikirieni ubishi wa siku hizo wa nani aliwahi mbele ya nani! Utepe ulipunguza fujo. Haukuimaliza, kwa sababu binadamu akiwekewa kamba mbele yake ataisukuma tu.

Mtoa mada

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kijitabu umenikamata, hata mimi ninavyo sandukuni. Lakini tofautisha kipumziko na kukwama. Kipumziko unajua kitaisha lini. Baada ya kila raundi 4 hivi trekta linaingia, unanyoosha miguu, sawa. Kukwama ni pale unakaa tu, taa nyekundu inawaka, waendeshaji wamezima injini, mtangazaji anapiga muziki, na hakuna anayekuambia kama ni tope, ni gari la wagonjwa, au mwamuzi anabishana kwenye simu na viongozi wa timu.

Mzee wa Jukwaani

Marahaba. Hilo la kutoambiwa nakuunga mkono. Gari la wagonjwa likiwa limetoka hakuna mbio, na hakuna mwenye akili atakayelalamika akiambiwa. Watu wanapiga miluzi kwa sababu hawajui.

Saa Mkononi

Mimi ni wa kutazama mtandaoni, naona hamjanifikiria kabisa. Uwanjani mna jirani, mna kijitabu, mna harufu. Mimi nina kioo cha simu, na mbio zikisimama naletewa kwa mara ya nne mahojiano na mtu yuleyule aliyesema raundi mbili nyuma kwamba "pikipiki iko vizuri". Mtoto akiniuliza "baba, wameshaanza?" najibu ndiyo, wameshaanza mara mbili.

Kitu kimoja tu kingenibakisha: nisikie sauti ya mwamuzi. Yule mtu yuko peke yake kwenye kibanda juu, kidole chake ndicho kinachoachia utepe, na uamuzi wake unatufikia kama rangi ya taa. Nyekundu. Kwa nini nyekundu? Kwenye raga tunamsikia mwamuzi akizungumza na wa kwenye picha, neno kwa neno. Hata kama hukubali, umeona alichokiona. Sisi tunabaki na mtangazaji anayekisia kama sisi.

Gia Moja

Hili la sauti nakubali bila masharti. Andikeni tarehe.

Vumbi la Kona

Na tusisahau Warsaw. Wanaotetea kwamba mitambo na uwanja "ni mambo ya kawaida" wajibu hili.

Tarehe 18 Aprili 2015, Grand Prix ndani ya uwanja wa taifa wa Poland, zaidi ya watu 50,000, na ulikuwa usiku wa kumuaga Tomasz Gollob, yule aliyeshinda Grand Prix ya kwanza kabisa pale Wrocław mwaka 1995. Lango la kuanzia likagoma. Sio mwendeshaji aliyevunja utepe, ni utepe wenyewe uliokataa kufanya kazi. Wakajaribu kuanzisha kwa taa. Njia ya muda iliyojengwa mle ndani nayo ikachimbika. Baada ya raundi 12 wakafunga duka, Matej Žagar akatangazwa mshindi.

Raundi 12! Watu walikuwa wamesafiri nchi nzima. Mwendeshaji akichelewa dakika 2 anaondolewa. Mtambo ukikataa usiku mzima, anayeondolewa ni mtazamaji. Mtoa mada yuko sahihi kuhusu saa.

Gia Moja

Warsaw ilikuwa aibu, hakuna wa kuitetea. Ila ulichotaja ni mtambo mbovu na udongo mbovu. Ukiondoa sheria ya utepe leo, lango la Warsaw bado lingegoma. Mnachanganya hasira mbili kwenye chungu kimoja. Na kumbuka mwaka uliofuata, 2016, mashindano yalirudi uwanja uleule na yakamalizika.

Mtoa mada

Kweli, nilizichanganya, na pengine ndiyo maana mada imekuwa ndefu. Ngoja nizitenganishe.

Kuhusu onyo: Gia Moja amenisogeza kidogo. Sitaki tena kusema "wasisimamishe". Wasimamishe, ila aliyesababisha arudi nyuma ya mstari palepale kwenye marudio, kosa la kwanza. Zile mita 15 za Vumbi, au hata 10. Hapo aliyetulia anarudia mwanzo wake akiwa na nafuu, wala si akiwa na hasara. Na ile karata ya kujaribu bahati inakufa, maana sasa ina bei.

Kuhusu saa: nataka saa moja kubwa, ihesabu kila kitu. Trekta linaingia, dakika kadhaa zinaanza kushuka mbele ya macho yetu. Zikiisha na kona bado mbaya, mwamuzi aongeze, ila aongeze kwa sauti, aseme kwa nini. Sijali sana zikiongezwa. Najali nikijua.

Gia Moja

Kuwarudisha nyuma kwa kosa la kwanza... sikutegemea mtu wa "acheni mbio ziende" aje na sheria kali kuliko yangu. Naweza kuishi nayo. Lakini swali: nani anaamua kwamba alitikisika? Kuna waendeshaji wenye jicho la haraka tu. Anaisoma sumaku ya lango inapoachia, anaondoka, na kwa macho ya jukwaani anaonekana mwizi. Huyo ukimrudisha mita 15 umemwadhibu kwa kipaji.

Saa Mkononi

Ndiyo maana nasema picha na sauti. Gurudumu lilisogea kabla utepe haujaruka, au halikusogea. Picha moja ya polepole, sekunde 10. Kama haionekani kwenye picha, acha mbio ziendelee.

Mzee wa Jukwaani

Mwanangu, mwaka 2023 kwenye Grand Prix ya Vojens, Denmark, walimtoa Bartosz Zmarzlik, bingwa wa dunia, kwa sababu alivaa suti isiyo ya kanuni kwenye majaribio ya muda. Mbio zake hata hazijaanza. Ilibidi asubiri Grand Prix ya Toruń ndipo achukue taji lake. Suti haihitaji picha ya polepole, wote waliiona, na bado watu walibishana wiki mbili. Leteni kamera zenu. Mimi nitakuja na kalamu.

Vumbi la Kona

Mzee, kwenye kijitabu, aliyerudishwa mita 15 huwa unamwandikaje?

Mzee wa Jukwaani

Kwa kawaida tu, pointi zake. Ila akipita hata mmoja namwekea nyota ndogo pembeni. Ninazo chache sana.